Magugu ya Uani na Maji ya Birika

Mvua za mwaka zikishanyesha kwa juma mbili tatu, nyua zetu hubadilika sura. Mahali palipokuwa mchanga mweupe muda wote wa kaskazi huchipua majani ya kila namna: mengine membamba kama sindano, mengine mapana yenye maua ya manjano, mengine yenye miiba ambayo mtoto huigundua kwa wayo wake. Nyumba zilizopanda ukoka mbele ya baraza, ili watoto wacheze na wageni wapate pa kuketi, ndizo huona taabu zaidi. Kwani ukoka ni kijani na magugu ni kijani, na jicho lisilozoea halitofautishi mpaka mambo yameshaharibika.

Huenda jambo hili likaonekana dogo, la kumwachia mwenye jembe. Lakini kwa wanaoishi Wasini, na kwa wote wenye jamaa huko, namna ya kuondoa magugu ya uani inahusu maji ya kunywa. Hilo ndilo tunalotaka kulizungumza na wasomaji wetu juma hili, hasa akina mama, ambao ndio wasimamizi wa ua na wa birika pia.

Kisiwa kisicho na kijito

Wasini ni kisiwa chembamba, urefu wake yapata kilomita 5 na upana wake kama kilomita 1, kilichoelekeana na Shimoni. Hakina mto wala kijito. Msingi wake ni jabali la matumbawe ya kale, na udongo uliolala juu ya jabali hilo ni mchache. Mahali pengi jembe hugonga mwamba kabla halijazama. Kwa vizazi vingi watu wa Wasini na Mkwiro wametegemea mvua: paa hupokea, mifereji hupeleka, birika huhifadhi. Maji hayo ndiyo ya kunywa na kupikia, ya kumwogeshea mtoto mchanga na ya kutilia udhu.

Sasa na tuitazame pampu ya dawa inayobebwa mgongoni. Kule Diani, kwenye nyumba kubwa na mahoteli yenye viwanja vipana vya nyasi, kunyunyizia dawa ya magugu ni kazi ya kawaida, na mtu aliyeizoea huko anaweza kudhani kwamba yafaa kila mahali. Kisiwani mambo ni mengine, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni upepo. Dawa inyunyizwapo hutoka kama ukungu, na ukungu huchukuliwa. Kusi ikivuma, chembe zile hupanda na kutua juu ya mabati na makuti, ya mwenye kunyunyiza na ya jirani yake. Zitakaa pale zikiwa kavu, hazionekani wala hazinuki. Mvua ya kwanza itakaponyesha, itaziosha na kuzipeleka moja kwa moja ndani ya birika. Mtu atakuwa ameiweka dawa katika mtungi wake mwenyewe bila ya kujua.

Ya pili ni jabali. Udongo mzito wa bara huweza kuishika dawa kwa muda mpaka vijidudu vya ardhini viivunjevunje. Jabali la matumbawe lina mianya na nyufa, na maji hupenya humo upesi. Kinachomwagwa uani hushuka kwenye visima vya maji ya chumvichumvi, hufika kwenye mikoko, na hatimaye huingia katika bahari ileile inayowalisha wavuvi wetu. Mle mle Wasini kuna bustani ya matumbawe na mikoko yenye njia ya mbao, inayosimamiwa na akina mama wa kisiwa na kuwapatia riziki kutoka kwa wageni. Na upande wa kusini iko hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti. Hakuna ua wa Wasini ulio mbali na maji.

Dawa yenyewe ni kitu gani

Dawa ya magugu inayojulikana zaidi duniani ni glaifoseti. Mwezi wa Machi 2015, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka katika kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka nyingine, ikiwemo ya mazingira ya Marekani, hazikukubaliana na hukumu hiyo, na mjadala ungali ukiendelea. Nyingine ni parakwati, na hii haina mjadala: funda moja likimezwa laweza kuua, na hakuna dawa ya kuipoza. Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku tangu mwaka 2007.

Katika nchi yetu, Sheria ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu, Sura ya 346, inataka kila dawa ya namna hii isajiliwe na iuzwe katika chombo chake chenye maandishi ya maelezo. Hatari kubwa majumbani ni ile dawa iliyopimwa kwa kifuniko na kutiwa katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hasomi. Huona chupa anayoijua. Na tukumbuke masafa: kutoka kisiwani hadi Shimoni ni kwa mashua, na kutoka Shimoni hadi hospitali kubwa ya Msambweni ni safari nyingine ya barabara. Likitokea usiku, bahari ikiwa imechafuka, muda wa kuokoa maisha huwa mfupi kuliko safari. Ikiwa mtu amekunywa sumu, asilazimishwe kutapika. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa au karatasi yake, ili madaktari wajue wanapambana na nini.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui mpaka wamekwisha kujuta: glaifoseti haichagui. Humaliza ukoka sawasawa na gugu. Mwenye kuinyunyiza juu ya nyasi zake atabaki na uwanja mtupu, na kwenye uwanja mtupu wa kwanza kurudi ni ndago.

Kulijua gugu kwa mzizi wake

Magugu hayang'olewi kwa hasira. Hung'olewa kwa kuyajua. Tutaje manne yanayotusumbua zaidi.

Ndago ndiyo mkubwa wao. Mwaka 1977, wataalamu walioandika orodha ya magugu mabaya zaidi duniani waliiweka nafasi ya kwanza. Ili kuitofautisha na ukoka, lisokote shina lake baina ya vidole viwili: la ndago lina pembe tatu, la ukoka ni la mviringo. Chini ya ardhi ina vijiazi vyeusi vyenye harufu, vilivyofungamana kama shanga za tasbihi. Ukivuta majani peke yake, uzi hukatika na kila kijiazi kilichobaki huchipua. Lakini chipukizi jipya huchukua wiki kadhaa kabla halijaanza kuzaa vijiazi vingine. Kwa hiyo atakayerudi kila baada ya wiki mbili au tatu hulidhoofisha, hata akiba ya chini ikaisha. Ndago pia haipendi kivuli.

Mbigiri hutambaa chini, ina maua madogo ya manjano yenye petali tano, na tunda lake ni gumu lenye miiba. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Mzizi wake ni mmoja tu wa katikati, na ukikatwa chini kidogo ya uso wa ardhi mmea wote hufa. Ang'olewe kabla ya kuzaa, kwani mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi zikingoja mvua. Nasi tumefundishwa kwamba kuondoa njiani kile kinachowaudhi watu ni miongoni mwa matawi ya imani. Mbigiri ya njia ya msikitini ni fursa ya thawabu.

Kishona nguo kila mwenye kuvaa buibui anakijua. Vijisindano vyake vyeusi ni mbegu, na mmea mmoja huzaa maelfu. Anayevibandua pindoni na kuvitupa uani anapanda upya. Vibanduliwe vitiwe jikoni, katika moto.

Mchunga, nao, ni gugu kwa mwenye nyasi na ni mboga kwa mwenye chungu. Mizizi yake hutambaa mbali chini ya ardhi. Majani yake machungu, yakichemshwa na kuungwa kwa nazi, hayahitaji kusifiwa mbele ya watu wa Kwale. Pamoja nao huota mnavu, mwangani na mchicha wa kuota wenyewe. Ua usiotiwa dawa hutoa kitoweo. Ua uliotiwa dawa haufai kuchumwa hata jani moja. Tuangalie tu kwamba matunda mabichi ya mnavu watoto wasiyale, kwani yana sumu.

Kazi ya mkono

Wakati bora wa kung'oa ni baada ya mvua, ardhi ingali laini, na saa bora ni baada ya Alasiri, jua likishapoa. Kwa ndago na mchunga chukueni muo, au kisu kirefu kisichofaa tena jikoni. Chomekeni kando ya mmea, inueni udongo, kisha fuateni uzi mpaka mwisho wake. Vijiazi visitupwe kwenye rundo la taka wala kuzikwa. Vianikwe juu ya bati kavu katika jua kali mpaka vinyauke kabisa, kisha vichomwe.

Magugu yaliyoota katika nyufa za baraza na ngazi humalizwa kwa maji ya moto. Katika kisiwa cha maji haba hatusemi mtu achemshe maji kwa ajili hiyo; maji yaliyochemshiwa muhogo, yakimwagwa yangali yakitokota, yatatosha. Watoto wawe mbali wakati huo.

Wako wanaomwaga chumvi au maji ya bahari. Chumvi huua kweli, lakini haiondoki upesi. Mwakani hapo hapataota mrehani wala asumini, na ikiwa ni karibu na birika, chumvi hupenya ukutani ikala chuma na kuutafuna ukuta. Kando ya birika pang'olewe kwa mkono tu, na mapema, maana mizizi ya vichaka na miche ya miti hupanua nyufa. Ufa wa birika ni hasara mara mbili: maji safi hutoka na uchafu huingia.

Baada ya kung'oa, msipaache patupu. Kwenye nyasi, pandeni vipande vya ukoka katika mapengo siku za mvua, navyo vitatambaa na kufunga. Wala msikate nyasi hadi mzizi. Ukoka ulionyolewa kama kichwa hupoteza nguvu, na mwanga unaofika chini huamsha mbegu za magugu. Kwenye vitalu vya maua tandazeni makumbi au makuti makuukuu, yatie kivuli na kutunza unyevu. Na kabla ya kumwaga uani udongo au samadi iliyoletwa kutoka bara kwa mashua, itieni maji kidogo na kuiacha siku kadhaa. Kama kuna mbegu zitachipua hapo, nanyi mtazing'oa zikiwa bado changa.

Tunajua kwamba kazi hii huchosha, na kwamba mgongo wa mama mmoja hautoshi. Igawanywe ngwe kwa ngwe. Mtoto wa miaka saba aweza kuokota mbigiri akiwa amevaa ndara. Kijana wa kiume ana nguvu ya muo, na kuinama uani si kazi ya mabinti peke yao. Robo saa kila siku hushinda siku nzima ya taabu mara moja kwa mwezi, na haba na haba hujaza kibaba.

Haki ya jirani

Lililobaki halimalizwi na nyumba moja. Paa zetu zimekaribiana, na upepo haujui mpaka wa ua. Mwenye kunyunyiza dawa kwake huamua pia juu ya maji ya mjane wa pili na ya chuo cha watoto. Dini yetu imetukataza kuyachafua maji wanayoyahitaji watu, na imeitilia mkazo mkubwa haki ya jirani. Mambo hayo mawili yanakutana juu ya paa la bati.

Kwa hiyo tunapendekeza mapatano mepesi, ya kuzungumzwa barazani au baada ya darsa la akina mama kabla ya mvua za mwaka: kwamba karibu na paa linalovuna maji na karibu na birika, dawa ya magugu isinyunyizwe kabisa. Ikiwa kuna nyumba yenye shida kubwa, au mzee asiyeweza kuinama, majirani waende wamsaidie kung'oa. Jioni moja ya mikono kumi itasafisha ua mzima, na mchunga utakaopatikana humo waweza kugawanywa ukapikwa usiku huohuo.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie maji yetu na watoto wetu, na aijaalie mvua ya mwaka huu iwe ya kheri. Amin.