Mfupa wa Kuumbi na Njia za Wafugaji wa Kale

Kusini ya Bwejuu, mtu akiisha kupita Paje, hufika Jambiani. Na nyuma ya kijiji hicho, katika ardhi ya uwanda, liko pango liitwalo Kuumbi. Mwaka 2005 Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alilichimba, na ikaelezwa kuwa watu wa pango walifuga wanyama, kuku wakiwamo, zaidi ya miaka elfu mbili kabla ya Kristo. Kama ndivyo, basi historia ya pwani yapasa kuandikwa upya, na pamoja nayo habari za msamiati wa ufugaji.

Uchimbuzi mwingine, uliotangazwa mwaka 2016, haukuuona ufugaji huo wa kale. Tabaka za chini, zenye umri wa miaka ipatayo 20,000, zilitoa mifupa ya punda milia na nyati. Hawa hawakuletwa na mtu. Walikuja kwa miguu yao, maana zamani hizo bahari ilikuwa chini na Unguja ilishikana na bara. Hapa ndipo penye mtego. Kipande cha mfupa wa mbuzi na cha swala hufanana hata machoni pa fundi. Lakini ndani ya mfupa mna protini iitwayo kolajeni, ambayo muundo wake hutofautiana kwa mnyama na mnyama. Maabara huusoma pale jicho linaposhindwa.

Wafugaji waliothibitika wako mbali, bara. Luxmanda, katika Mkoa wa Manyara, waliishi watu wenye ng'ombe, mbuzi na kondoo yapata miaka 3,000 iliyopita. Mwaka 2017 chembe za urithi za mtu wa Luxmanda zililinganishwa na za mtu wa Kuumbi aliyeishi karibu miaka 1,400 iliyopita. Wa Luxmanda alichanganya nasaba ya Afrika na ile ya Mashariki ya Karibu. Wa Kuumbi alikuwa na nasaba ya wawindaji wa kale, pasipo dalili ya wafugaji wale.

Na mifugo ilihamaje? Jino ndilo shahidi. Hukua tabaka kwa tabaka, likihifadhi madini ya stronti yatokayo katika mwamba, yakapita katika majani hadi kwa mnyama. Uwanda wa Bwejuu ni mawe ya matumbawe, nayo yana alama ya maji ya bahari. Miamba mikongwe ya bara ina alama nyingine. Mbuzi aliyezaliwa juu ya miamba hiyo, kisha akavushwa kwa chombo, angebaki na alama ya kwao katika meno yake.

Wanaisimu wana sababu ya kulitazama jambo hili. Neno mbuzi, kwa sura zinazokaribiana, lasikika katika lugha nyingi za Kibantu, na ukongwe wake hauna shaka. Lakini neno halina tarehe, wala halisemi mnyama mwenyewe alishuka pwani gani.