Leza: Linda Macho na Ngozi ya Mtoto

Leo tunazungumzia mwanga wa leza.

Kuna ndege zinazopima misitu na ardhi kwa kumulika leza kutoka angani. Je, aliye chini ataumia macho? Kabla ya kuruka, wataalamu hukadiria mambo manne: nguvu ya mwali, jinsi unavyotanuka njiani, umbali wake hadi chini, na muda utakaoligusa jicho. Kisha huweka kimo ambacho ndege haitashuka chini yake leza ikiwa inawaka. Mwali ukifika chini huwa umetanuka na kupungua ukali, nayo ndege inapita haraka.

Sasa, mama, pima kalamu ya leza iliyo mkononi mwa mtoto kwa maswali hayo hayo. Mwali wake ni mwembamba. Umbali ni urefu wa mkono tu. Tena mtoto huweza kuukodolea macho. Lenzi ya jicho huukusanya mwanga huo kuwa nukta moja kwenye retina, yaani utando ulio nyuma ya jicho. Nukta hiyo huweza kuungua bila maumivu yoyote, na kovu lake halina dawa ya uhakika.

Je, nguvu yake? Isipozidi miliwati 1, kupepesa jicho hutukinga. Ikizidi miliwati 5, jicho laweza kuumia kabla ya kupepesa. Ikizidi miliwati 500, huchoma hata ngozi. Lakini usiamini kibandiko pekee. Mwaka 2013, taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilitangaza kwamba ilipima kalamu 122, na karibu asilimia 90 ya zile za kijani hazikutimiza kanuni.

Kwa hivyo, kumbuka haya:

1. Kalamu ya leza si kichezeo. Usimnunulie mtoto.

2. Mkanye asiimulike usoni, kwenye kioo, wala kwenye ndege au gari. Rubani au dereva akimulikwa hushindwa kuona kwa muda.

3. Mzibe jicho moja, kisha jingine, na umuulize anaona nini. Akiona doa katikati au mistari iliyopinda, usimtie dawa yoyote. Mpeleke kwenye kliniki ya macho siku hiyo hiyo.