Kusafisha Mawe ya Kale Bila Kuyaharibu

Wakazi wa Ntimaru wanaozuru Thimlich Ohinga, katika eneo bunge la Nyatike, hukuta kuta zinazokisiwa kujengwa karne ya 16 kwa mawe yaliyopangwa bila saruji. Baadhi zina urefu wa zaidi ya mita 4. UNESCO iliziorodhesha kuwa Turathi ya Dunia mwaka 2018. Je, mawe ya kale husafishwaje?

Ulaya, nakshi za mawe kwenye majengo ya kale husafishwa kwa leza, mbinu iliyojaribiwa Venice, Italia, katika miaka ya 1970. Mwale hupigwa kwa muda mfupi mno. Masizi, kwa kuwa ni meusi, hunyonya mwanga, hupata joto ghafla na kubanduka. Jiwe jeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga huo, hivyo nakshi hubaki salama. Jiwe likiwa jeusi kama uchafu wenyewe, faida hiyo hupungua.

Shida ya Thimlich Ohinga si masizi. Hatari ni mizizi ya miti inayosukuma mawe, na watu au mifugo wanaopanda kuta. Tiba ni kufyeka vichaka kwa uangalifu na kurudisha kila jiwe lililoanguka mahali pake, kazi inayosimamiwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya.

Kwa hivyo, unapozuru, usisugue mawe kwa brashi ya waya, usimwage asidi, usichore jina, wala usibebe jiwe. Ukiona ukuta umebomoka, mjulishe mhudumu aliye hapo. Jiwe moja likitoka, yanayoliegemea hulegea.