Majina ya Feleji za Visu, na Habari ya Feleji ya Unga

Ukichukua kisu kilichonunuliwa dukani siku hizi ukakigeuzageuza kwenye mwanga, mara nyingi utaona maandishi madogo karibu na mpini. Pengine utasoma STAINLESS, au INOX, au ROSTFREI. Pengine utakuta herufi na tarakimu kama X50CrMoV15, 5Cr15MoV, 440C, D2 au VG-10. Wengi wetu huyapita maandishi hayo kama tupitavyo nambari za gari la mtu tusiyemjua. Lakini mwenye duka hayapiti. Yeye huyataja, na bei hupanda kwa kuyataja. Ndiyo sababu nimeona yafaa niandike habari hizi katika gazeti letu, ili mzazi au mwanafunzi mwenye fedha za kisu kimoja tu ajue anachouziwa.

Kwanza yatupasa kujua feleji ni nini. Chuma kitupu ni laini, wala hakishiki makali. Kikichanganywa na kaboni kidogo, tuseme kuanzia nusu kwa mia hadi mbili kwa mia, ndipo kiwezapo kuwa kigumu cha kufaa kisu, kikipashwa moto na kupozwa ghafula. Chuma cha namna hiyo wazee wa pwani walikiita pua, na panga za thamani zilisemwa kuwa za feleji. Mimi nitatumia neno feleji kwa aina zote, maana watu wengi siku hizi wakisema "chuma cha pua" hukusudia kile kisichoshika kutu tu, nasi tutachanganyikiwa.

Basi tuanze na maneno ambayo si majina kabisa. STAINLESS ni Kiingereza, INOX ni la Kifaransa, ROSTFREI ni Kijerumani, na yote matatu yasema jambo moja: kisu hiki hakishiki kutu upesi. Hayasemi zaidi. Ni kama kumwuliza mtu jina lake naye akakujibu, "Mimi ni mrefu." Kinachozuia kutu ni madini ya kromi, yakiwa zaidi ya kadiri ya 11 au 12 kwa mia. Mwaka 1913 Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, aliyeyusha feleji yenye kromi kadiri ya 13 kwa mia alipokuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki, akaona kwamba yafaa kwa visu vya mezani. Mafundi wa visu wa mji ule walimcheka mwanzoni, wakisema amebuni kisu kisichokata, kwa kuwa hawakuwa wamezoea kuipasha moto feleji ya namna hiyo. Kadhalika alama 18/10 iliyo kwenye vijiko na sufuria maana yake ni kromi 18 na nikeli 10 kwa mia. Hiyo ni nzuri kwa kijiko, lakini haiwezi kufanywa ngumu kwa moto, kwa hiyo haifai kwa makali. Na ukisikia "feleji ya hospitali", ujue kwamba hilo ni neno la biashara tu.

Sasa yako majina ambayo kwa kweli ni hesabu, na mimi nayapenda zaidi kuliko mengine kwa sababu mtu aweza kuyasoma mwenyewe bila kumwuliza mwenye duka. Wamarekani huandika tarakimu nne. Katika 1095, ile 10 yasema kwamba hii ni feleji ya kaboni isiyo na madini mengine ya maana, na ile 95 yasema kaboni ni 0.95 kwa mia. Hivyo 1045 ina kaboni 0.45, nayo ni laini zaidi. Wajerumani huandika X50CrMoV15. Herufi X ni dalili kwamba madini yaliyochanganywa ni mengi. 50 ni kaboni 0.50 kwa mia. Cr ni kromi, Mo ni molibdeni, V ni vanadi. Na 15 ya mwisho ni kromi 15 kwa mia. Visu vingi vya jikoni vya mji wa Solingen vimefanywa kwa feleji hiyo. Wachina nao huandika 5Cr15MoV. Hebu msomaji utazame mwenyewe: 5 ni kaboni 0.5, kromi 15, kisha molibdeni na vanadi. Maana yake ni kwamba kisu kile cha Kijerumani cha bei kubwa na kile cha Kichina cha bei ndogo, kwa mchanganyiko wa feleji, ni kama ndugu wa baba mmoja. Tofauti yao itakuwa katika kazi ya kiwanda, siyo katika jina. Lakini 3Cr13, ambayo pia imejaa madukani, ina kaboni 0.3 tu, na makali yake huanguka upesi.

Majina mengine ni ya vyeo au ya desturi tu. Katika 440A, 440B na 440C, nambari 440 haikuambii kaboni hata kidogo. Ila ukitoka A kwenda C kaboni huzidi, mpaka kadiri ya 1 kwa mia. Feleji za zana zina herufi: W hupozwa katika maji, O katika mafuta, A katika hewa, na D2 ni ya kaboni kadiri ya 1.5 na kromi 12, iliyokusudiwa kwa vyombo vya kukatia na kubonyezea mabati viwandani. Japani yako majina ya karatasi nyeupe na karatasi buluu, kwa sababu kiwanda cha Yasugi kilizifunga feleji zake kwa karatasi za rangi hizo. Ya karatasi nyeupe ni kaboni safi. Ya buluu imeongezwa kromi na tangisteni. Tena kitu kimoja chaweza kuwa na majina mengi. D2 ya Marekani ni SKD11 kwa Wajapani na 1.2379 kwa Wajerumani. Mtu asiyejua hilo aweza kudhani anachagua kati ya feleji tatu.

Baba yangu mdogo ni mhunzi, nami humsaidia wakati wa likizo. Yeye hufua visu na mapanga kwa springi kuukuu za malori. Springi hizo hazina maandishi, lakini mojawapo ya feleji zitumiwazo sana kwa springi ni 5160, yenye kaboni 0.60 na kromi kidogo isiyofikia 1 kwa mia. Baba mdogo hajapata kuisikia nambari hiyo. Hukibonyeza chuma kwenye jiwe la mashine na kutazama cheche: zikipasuka matawi mengi kama nyota, kaboni ni nyingi, zikitoka ndefu na nyoofu, chuma ni laini, naye hukitupa kando. Wateja wake wameanza kupungua, kwa maana visu vya dukani vyang'aa na vina maandishi. Siku moja aliniletea kimoja kilichoandikwa CPM akaniuliza, "Mwanangu, wewe unasoma kemia. Hizi herufi ni hesabu au ni hirizi?"

Swali lake lilikuwa zuri, maana herufi hizo hazisemi kilichomo ndani ya feleji, bali zasema namna ilivyotengenezwa. CPM ni alama ya feleji ya unga iliyoanzishwa na kampuni ya Crucible ya Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni hiyo, na Waswidi pia kwa upande wao, walianza kuuza feleji iliyopitia hali ya unga. Haikukusudiwa visu kwanza, bali vyombo vya kukatia chuma viwandani.

Ili kuelewa faida yake, tukumbuke jaribio la mrututu tulilofanya katika kemia. Maji ya moto yaliyojaa mrututu yakipoa polepole, chembe huwa kubwa na nzuri za buluu. Yakipozwa ghafula, huwa ndogo mno kama mchanga. Feleji nayo ni vivyo hivyo. Kaboni hushikamana na kromi, vanadi na madini mengine, ikawa chembe ngumu sana ziitwazo kabidi. Hizo ndizo zinazolinda makali yasilike upesi. Feleji ya kawaida humiminwa katika kalibu kubwa, na pande hilo huchukua muda mrefu kupoa; basi kabidi hupata nafasi ya kukua na kukusanyika mahali pamoja. Katika D2 ya kawaida kabidi moja yaweza kufikia mikroni 20 au 30, na unywele wa mtu ni kadiri ya mikroni 70 tu. Sasa fikiri makali ya kisu, ambayo ncha yake haizidi mikroni moja au mbili. Ni kama kujenga ukingo mwembamba wa zege kwa kokoto kubwa: kokoto zitang'oka, na ukingo utabaki na mapengo.

Katika kazi ya unga, feleji iliyoyeyuka hupitishwa katika tundu jembamba, ikapulizwa kwa gesi yenye nguvu nyingi, mara nyingi naitrojeni, ikatawanyika kuwa matone madogo kama ukungu. Kila tone hupoa karibu mara moja, kabla kabidi hazijapata muda wa kukua. Unga huo hutiwa katika mkebe mkubwa wa chuma, hewa hutolewa, mkebe huzibwa, kisha hukandamizwa pande zote katika joto la zaidi ya digrii 1,000 na kwa mkandamizo wa kadiri ya mara elfu ya ule wa hewa. Unga hushikamana ukawa pande moja gumu lisilo na matundu, na baada ya hapo hufuliwa na kubanwa kama feleji nyingine. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimewasikia wenzangu wakidhani kwamba kisu cha unga ni kama mkate, chaweza kumeguka. Sivyo. Kabidi zake ni za mikroni chache tu, nazo zimeenea sawasawa kama chumvi iliyokorogwa vizuri.

Sasa hapa ndipo wauzaji wanapotia chumvi yao wenyewe. Unga hauongezi ugumu. Ziko feleji mbili, 154CM na CPM 154, zenye mchanganyiko ule ule wa kaboni, kromi na molibdeni. Moja humiminwa kwa desturi, nyingine hupitia unga. Kisu cha pili hakivunjiki upesi kama cha kwanza, na fundi hukichonga na kukisugua kwa urahisi zaidi, lakini katika kudumu kwa makali hutaona tofauti kubwa. Faida kubwa ya unga ni kwamba watengenezaji waliweza kutia vanadi nyingi ambayo kwa njia ya zamani ingeharibu kila kitu. Hivyo ikapatikana S30V mwaka 2001, yenye vanadi 4 kwa mia, na S90V yenye 9. Hizo hukaa na makali muda mrefu kweli. Na si lazima uone neno CPM: M390 ya Böhler wa Austria, Elmax ya Uddeholm wa Sweden na SG2 ya Japani zote ni za unga, ijapokuwa majina hayasemi.

Kwa upande mwingine, feleji isiyo na kabidi kubwa haina faida ya kupitishwa katika unga. 1095 ni hivyo. AEB-L ya Waswidi, iliyobuniwa kwa ajili ya nyembe za kunyolea, ina kaboni kadiri ya 0.67 na kromi 13, na kabidi zake ni ndogo sana bila unga wo wote. Nyembe ni kitu cha senti chache, lakini makali yake twayajua sote.

Tena jina haliwezi kukuambia kama kisu kilipashwa moto vizuri. 1095 yataka joto la digrii 800 hivi, kisha izamishwe upesi, kisha ipashwe tena kwa upole katika digrii 200 hivi. Ukiacha hatua ya mwisho, kisu kikianguka sakafuni chaweza kuvunjika kama gilasi. Baba mdogo hana kipimajoto. Hutumia sumaku: springi ikiacha kuvutwa na sumaku huiongezea moto kidogo tu, ndipo huizamisha katika mafuta. Chuma huacha kuvutwa katika digrii 770 hivi, kwa hiyo kipimo chake kina akili. Nimeona visu vya dukani vyenye majina makubwa vikashindwa na vyake kukata nyama, na kwa maoni yangu sababu ni moto, siyo feleji.

Liko na jambo la jiwe la kunolea, ambalo wauzaji hawalitaji. Kabidi za vanadi ni ngumu kuliko mawe ya kunolea ya kawaida. Mwenye kisu cha S90V akitumia jiwe la nyumbani atasugua mpaka mkono uchoke, kwani yahitaji kinoo cha almasi. Jikoni kwa shule yetu visu vinafanya kazi tangu alfajiri, huangushwa, hukata mifupa, na hunolewa kwa jiwe moja lililopinda katikati. Kwa hiyo nilipoulizwa na kamati ya chakula, nilishauri tununue 5Cr15MoV za kawaida, na kwa kuchinjia tuagize visu viwili vya springi kwa mhunzi, pamoja na jiwe jipya.