Je, Wajua? Mwisho wa Neno Hufichua Jibu

Maswali ya mlinganisho katika Kiingereza huwa hivi: teach kwa teacher ni kama drive kwa nini? Jibu ni driver, kwa kuwa kiambishi tamati -er humtaja mtenda.

Mwaka 1958, mwanaisimu Jean Berko wa Marekani alichapisha utafiti wake uliotumia picha na maneno ya kubuni. Katika picha mojawapo, mwanamume amesimamisha mpira juu ya pua. Kitendo hicho kiliitwa zib. Je, mwenye kazi hiyo aitweje? Watu wazima wote walijibu zibber, neno ambalo hawakuwahi kulisikia. Watoto wadogo wengi hawakukitumia kiambishi hicho. Baadhi waliunganisha maneno wakasema zibbingman, na wengine wakachukua neno walilolijua tayari, kama clown. Hii inaonyesha kwamba kanuni ya viambishi hujengeka kichwani polepole.

Lakini viambishi vina mitego. Anayepika ni cook. Cooker si mtu, bali ni jiko. Vivyo hivyo kwa kiambishi -less: painless ni kisicho na maumivu, ila priceless si kitu cha bure, bali chenye thamani isiyokadirika.

Kwa hiyo, ukikutana na swali la mlinganisho, usikimbilie kubandika herufi. Tunga kwanza sentensi fupi inayoeleza uhusiano wa jozi ya kwanza, kisha uijaribu kwenye jozi ya pili.