Kriki iko, manivele haiko

Tairi likipasuka kwenye barabara ya Kasongo kwenda Kabambare wakati wa mvua, hakuna anayeuliza kama gari lina tairi la akiba. Lipo, kila mtu analiona, linaning'inia kwa mnyororo chini ya bodi. Kinachoulizwa ni namna ya kuliteremsha. Dereva anafunua kiti, anapapasa nyuma yake, anainuka na vumbi kwenye viwiko. "Kriki iko," anasema, "manivele haiko."

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa angesema jeki ipo ila mpini wake haupo. Huku Maniema, mashariki mwa Kongo, maneno ya gereji yalikuja na Wabelgiji: jeki ni kriki, spana ni kle, na namba zake hutajwa kwa Kifaransa hata na fundi ambaye hakukaa darasani. Maneno hutofautiana, upungufu ni mmoja.

Gari linapotoka kiwandani hupewa vifaa vyake. Toyota Land Cruiser za aina ya HZJ78 na HZJ79, ambazo ndizo hasa zinazostahimili matope ya huku, hutoka na jeki ya kuzungusha kwa skrubu, fito za chuma zinazounganishwa, spana ya magurudumu, na kifuko kinachokunjwa kama mkeka chenye koleo, bisibisi na spana chache. Mjini kifuko hicho hukaa miaka bila kufunguliwa. Huku hufunguliwa mpaka kinararuka, na kila kikifunguliwa kuna kitu kinachobaki nje.

Upungufu mbaya zaidi ni wa zile fito. Ukizitazama zimelala chini utadhani ni vipande vya nondo tu. Lakini ncha moja ina ndoano inayoingia kwenye tundu la jeki, na ncha ya pili hushikwa na spana ya magurudumu, ukazungusha ukiwa nje bila kulala matopeni chini ya ekseli. Kwenye pikapu, fito hizohizo hupenyezwa nyuma, juu ya bampa, zikafungue mnyororo wa tairi la akiba. Kwa hiyo fito, spana na jeki ni chombo kimoja kilichokatwa vipande vitatu. Ukipoteza fito, umepoteza jeki na umepoteza tairi, ingawa vyote viwili unavyo. Anayetaka kujaza mapengo ya mfuko wake aanzie hapo, asianze na bisibisi kwa sababu ni rahisi kupatikana.

Halafu ije spana ya magurudumu, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Land Cruiser hizi zilipohamia nati 5 kwa gurudumu mwaka 1999, nati zenyewe zikawa za milimita 22. Zile kongwe za nati 6 hutumia 21, sawa na Hilux. Sasa nenda sokoni ukaulize spana ya msalaba. Nyingi zina vichwa vya 17, 19, 21 na 23. Ya 21 haiingii. Ya 23 inaingia, na ndiyo hatari yake: inashika pembe tu, dereva anaikanyaga kwa mguu, nati inaviringika ikawa kama kokwa la embe. Tangu hapo ni patasi na nyundo. Kichwa cha inchi saba kwa nane, ambacho wengi hukitupa wakidhani ni cha magari ya Kimarekani, ni milimita 22.2, na hukaa vizuri kabisa. Nasema hivi kwa sababu nimewahi kuuziwa 23 kwa maneno matamu, nikailipia mara mbili: kwanza kwa muuzaji, kisha kwa fundi.

Spana ndogo nazo zina siri yake. Boliti ya Kijapani ya M8 hufunguliwa kwa 12, ya M10 kwa 14. Wazungu wa bara waliipa M8 spana ya 13, na M10 wakaipa 17. Seti inayouzwa kama ya magari yote mara nyingi ina 13 inayong'aa ambayo haina kazi kwenye Toyota isipokuwa kuharibu boliti ya 12. Kwa Land Cruiser, tafuta kwanza 10, 12, 14, 17 na 19. Nyingine ni mzigo.

Vimekwenda wapi vile vya asili? Gari lililonunuliwa likiwa limetumika Japani mara nyingi hufika likiwa limepunguzwa njiani, na mnunuzi huona haya kudai spana wakati amepata gari. Ila kwa magari yaliyokwisha kuzoea Kasongo, mwizi mkubwa ni ukarimu. Ukimkuta mwenzako amekwama porini huwezi kumpita. Unampa kle, anakushukuru, mvua inaanza, kila mmoja anawahi njia yake. Waswahili wanasema nguo ya kuazima haisitiri maungo, lakini hawakusema lolote kuhusu aliyeazimisha.

Kuagiza kifaa halisi kunawezekana. Vifaa vya gari katika orodha ya Toyota vina namba zinazoanza na 09, na za jeki zinaanza na 09111. Muuzaji akipewa aina ya gari na namba ya chesisi, hana haja ya kubahatisha. Taabu ni safari: kitu kipite Bukavu au Kalemie, kisha kipakiwe juu ya lori au nyuma ya pikipiki ya mtu anayekwenda mbele. Anayetumwa soko la Kadutu, huko Bukavu, apewe nati yenyewe mfukoni, si maelezo. Na anayenunua jeki ya mafuta badala ya ile ya skrubu apime urefu wake gari likiwa limekaa juu ya tairi bovu. Jeki isiyoingia chini ya ekseli wakati huo ni mzigo tu.

Mhunzi anasaidia sana, kwa mipaka yake. Blade kuukuu ya springi hutoa vyuma bora vya kubandulia tairi, na nondo nene hukunjwa ikawa fito yenye ndoano, haipendezi lakini inazungusha. Kichwa cha spana asikiguse. Chuma kikipashwa moto bila kurudishiwa ugumu wake, mdomo unapanuka siku ya kwanza.

Huko Ulaya kuna watu wanaotafuta mfuko kamili wa vifaa vya Porsche 356 ili gari likae maonyeshoni likiwa na kila spana ya enzi yake. Siwacheki. Huku pia tunautaka mfuko kamili, ila wetu una matope.

Dereva mmoja mzee amemshonesha fundi cherehani mfuko wa turubai, kila spana na kijumba chake, namba imeandikwa nje kwa rangi nyeupe. Kabla ya kuondoka huukunjua juu ya boneti na kuusoma kwa kidole. Nilipomkuta, kijumba cha 14 kilikuwa kitupu.

"Iko wapi, Papa?"

"Iko Wamaza," akasema, akaukunja mfuko. "Tunapitia pale."