Ndege Iliyoundwa Kwanza Ndani ya Kompyuta

Kwa miongo mingi, watengenezaji wa ndege walijenga kwanza mfano wa ndege wenye ukubwa kamili, ili wahandisi waone kama mabomba, nyaya na fremu vinakaa mahali pake bila kugongana, kazi iliyokula fedha na muda mwingi. Boeing 777, iliyoruka mara ya kwanza Juni 1994, ilibadili desturi hiyo, kwa kuwa ilisanifiwa kwa programu ya Kifaransa iitwayo CATIA, na migongano mingi ikagunduliwa kwenye skrini kabla ya metali kukatwa.

Umbo la ndege linaloelezwa kwa hesabu ndani ya kompyuta huitwa modeli. Uigaji ni hatua inayofuata, ambapo kompyuta huigawa modeli katika vipande vidogo mno na kukokotoa jinsi kila kimoja kinavyopinda, kupata joto au kusukumwa na hewa. Hapo ndipo faida kubwa ilipo, kwani mhandisi hujaribu maumbo mengi ya bawa na kuyaacha mapema yaliyo dhaifu.

Hata hivyo, hesabu hutegemea dhana za binadamu. Mwaka 2009, safari ya kwanza ya Boeing 787 iliahirishwa baada ya majaribio halisi kufichua udhaifu pale bawa linapoungana na kiwiliwili, udhaifu ambao modeli haikuubashiri. Mabawa ya 777 yenyewe yalipindwa kwa makusudi mwaka 1995 hadi yakavunjika, kwenye asilimia 154 ya mzigo mkubwa kabisa unaotarajiwa angani. Kampuni inayofuta majaribio ya namna hiyo kwa kuiamini skrini peke yake inahatarisha maisha ya abiria.